Kosta Rika: kasha moja la matibabu, na foleni inayolitishia

Tangu NHIF iondolewe na SHA kushika nafasi yake mwezi Oktoba 2024, hakuna baraza hapa Pwani ambalo halijabishana kuhusu nani alipie matibabu na kwa kiasi gani. Mwenye mshahara anaona asilimia 2.75 ikikatwa kila mwezi na anauliza anapata nini. Mvuvi na muuza mahamri wanaulizwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, ilhali riziki yao ni ya siku kwa siku. Katika mabishano haya wataalamu wa afya hupenda kuitaja nchi moja ndogo ya Amerika ya Kati, nayo ni Kosta Rika, kama mfano wa taifa lisilo tajiri lililofanikiwa kumtibu kila mtu.

Mimi nimeifuatilia nchi hiyo kwa muda, na naona sifa zake husimuliwa nusu. Wanaoisifu hawataji foleni zake. Wanaoiponda hawataji kwamba Mkosta Rika wa kawaida huishi takriban miaka 80, umri unaozidi wa Mmarekani, japo Marekani hutumia kwa kila mtu mara nyingi ya fedha zinazotumiwa kule. Hapa nitaeleza mpango wenyewe ulivyo: hospitali za umma, za kibinafsi, na mahali zinapokutana. Jambo moja ningependa msomaji alishike tangu mwanzo. Kule, anayekwenda hospitali ya kibinafsi mara nyingi hanunui tiba bora zaidi. Ananunua muda.

Nchi yenyewe

Kosta Rika iko kati ya Nikaragua na Panama, na ina pwani mbili: ya Karibi upande wa mashariki na ya Pasifiki upande wa magharibi. Watu wake ni kama milioni 5. Mji mkuu, San José, uko bara, kwenye nyanda za juu. Bandari ya Limón, upande wa Karibi, ina watu wengi weusi ambao wazee wao walitoka hasa Jamaika mwishoni mwa karne ya 19 kujenga reli na kufanya kazi katika mashamba ya ndizi. Nchi hiyo haina jeshi. Lilivunjwa mwaka 1948 baada ya vita vifupi vya wenyewe kwa wenyewe, na katiba ya 1949 ikapiga marufuku jeshi la kudumu. Fedha ambazo zingenunua vifaru ziliweza kwenda shuleni na hospitalini.

Kasha lilivyoanza

Chombo kinachobeba matibabu ya umma kinaitwa Caja Costarricense de Seguro Social. Wenyeji husema tu “la Caja”. Neno hilo kwa Kihispania ni sanduku, na ni ndugu wa neno la Kireno caixa lililotuachia sisi watu wa Pwani neno “kasha”. Kwa hiyo si kosa tukisema Wakosta Rika wana kasha lao la afya: wote hutia humo, na mgonjwa hutolewa humo.

Kasha hilo lilianzishwa mwaka 1941 chini ya Rais Rafael Ángel Calderón Guardia, ambaye mwenyewe alikuwa daktari aliyesomea Ubelgiji. Katika kupigania haki za wafanyakazi aliungwa mkono na watu wawili ambao kwa kawaida hawakai meza moja: Askofu Mkuu Víctor Sanabria wa Kanisa Katoliki, na Manuel Mora, kiongozi wa chama cha Kikomunisti. Mwaka 1948 upande wa Calderón ulishindwa vitani, na José Figueres akashika serikali. Washindi wangeweza kulivunja kasha la adui yao. Hawakulivunja. Katiba ya 1949 ililitaja, ikalipa kazi ya kusimamia bima ya jamii, na ikasema wazi kwamba fedha zake zisitumiwe kwa shughuli nyingine yoyote.

Mwanzoni kasha lilikuwa la wafanyakazi wa mijini tu. Mwaka 1961 katiba ilirekebishwa ili bima iwafikie watu wote. Mwaka 1973 ikapitishwa sheria ya kuhamishia hospitali za serikali na za mashirika ya hisani chini ya Caja, na mwaka huohuo ukaanza mpango wa afya vijijini, wahudumu wakienda nyumba kwa nyumba kwa chanjo na maji safi. Matokeo yalikuwa ya haraka. Mwaka 1970, watoto wapatao 60 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kufikia 1980 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu 20, na siku hizi iko chini ya 10.

Nani anatia nini

Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 5.5 kwa ajili ya bima ya ugonjwa na uzazi. Mwajiri wake huongeza asilimia 9.25 kutoka mfukoni mwake, na serikali hutia sehemu ndogo juu yake. Pensheni ni makato mengine, mbali na hayo. Anayejiajiri hulipa kulingana na pato lake. Asiye na kitu kabisa huandikwa kuwa amekatiwa bima na serikali, baada ya hali yake kukaguliwa. Mke au mume, watoto, na hata wazazi wanaomtegemea mchangiaji huweza kuingia chini ya jina lake.

Baada ya hapo, mgonjwa akifika kliniki haulizwi pesa. Hakuna malipo ya kumwona daktari, wala ya dawa iliyomo katika orodha ya Caja, wala ya kitanda, iwe amelazwa siku mbili au miezi miwili. Sheria ya mwaka 1998 ya haki za watoto ilisisitiza pia kwamba mtoto na mama mjamzito wahudumiwe hata kama hawana bima.

Mchango huo ni mzito, na waajiri hulalamika kwamba unapandisha gharama ya kuajiri. Wengine hukwepa, au huandika mshahara mdogo kuliko wanaolipa. Caja ina wakaguzi wake, na ina silaha nyingine ambayo mimi naipenda: mtu yeyote anaweza kuangalia kwenye intaneti kama mwajiri fulani anadaiwa na Caja. Mwenye deni hapewi zabuni za serikali mpaka alipe au akubaliane jinsi ya kulipa.

Timu inayobisha hodi

Ukimwuliza mtaalamu siri ya Kosta Rika ni nini, hatakutajia hospitali kubwa. Atakutajia EBAIS, kifupi cha maneno ya Kihispania yenye maana ya timu za msingi za huduma kamili ya afya. Zilianza mwaka 1995, katika mageuzi yaliyoweka kinga na tiba chini ya paa moja. Kabla yake, Wizara ya Afya ilishughulikia chanjo na usafi, na Caja ikatibu wagonjwa. Baada yake, wizara ikabaki na kazi ya kusimamia na kuweka kanuni, na Caja ikachukua huduma zote.

Kila timu hupewa eneo lenye watu kama 4,000 au 5,000. Ina daktari, muuguzi msaidizi, karani wa kumbukumbu, mtu wa dawa, na mhudumu wa jamii anayeitwa ATAP. Huyu wa mwisho ndiye nguzo. Hutembea kwa miguu, kwa pikipiki, au kwa mashua palipo na mito, na anatakiwa kuifikia kila nyumba katika eneo lake, hata zile zisizo na mgonjwa. Hupima shinikizo la damu, hutoa chanjo, huangalia choo na maji, na huandika nani ana kisukari, nani mjamzito, mzee gani anaishi peke yake. Nyumba hupangwa kwa uzito wa hatari, na zenye hatari zaidi hutembelewa mara nyingi zaidi.

Jambo lililonivutia ni mahali walipoanzia. Timu za kwanza hazikupelekwa San José. Zilipelekwa maeneo maskini na ya mbali yaliyokuwa na huduma haba, na mji mkuu ukangoja zamu yake. Leo timu zinapita 1,000 nchi nzima. Nyingi ni za Caja yenyewe. Chache huendeshwa kwa mkataba na vyama vya ushirika, kama kile cha Pavas, mtaa wa San José, kilichoanza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mgonjwa halipi chochote hata huko, kwani Caja ndiyo inayolipa.

Kutoka EBAIS mgonjwa huandikiwa barua ya kwenda kliniki kubwa, hospitali ya mkoa kama Tony Facio ya Limón, au hospitali za kitaifa zilizoko San José: San Juan de Dios, ambayo asili yake ni karne ya 19, México, Calderón Guardia na Hospitali ya Kitaifa ya Watoto. Hospitali za Caja ni karibu 30. Kumbukumbu za mgonjwa ziko katika faili moja ya kidijitali, na mwenye simu anaweza kuona miadi yake na dawa alizoandikiwa.

Upande wa kibinafsi

Hospitali za kibinafsi zipo na zinaheshimika. Clínica Bíblica ya San José ilianzishwa na wamishonari wa Kiprotestanti mwaka 1929. CIMA, iliyoko Escazú, kitongoji cha wenye nacho, ilifunguliwa mwaka 2000. Humo utakuta wenyeji wenye uwezo, wastaafu wa kigeni, na Wamarekani na Wakanada wanaosafiri kutengeneza meno au kubadilishwa goti kwa bei nafuu kuliko kwao.

Bima ya biashara ilichelewa kukua. Tangu mwaka 1924 uuzaji wa bima ulikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali. Ukiritimba huo ulivunjwa kwa sheria ya mwaka 2008, baada ya wananchi kukubali kwa kura ya maoni ya 2007 mkataba wa biashara huria na Marekani. Tangu hapo kampuni nyingine zimeingia, na waajiri wakubwa huwapa wafanyakazi wao bima ya ziada.

Lakini zingatia hili: mwenye bima ya biashara haondoki katika kasha. Mchango wa Caja ni wa lazima, tajiri na maskini. Hata mgeni anayepewa kibali cha ukaazi hutakiwa kujiunga. Na ukuta kati ya pande mbili una milango. Madaktari wengi hufanya kazi Caja asubuhi, na alasiri huwa katika kliniki zao. Kuna pia utaratibu rasmi wa mchanganyiko: mgonjwa hulipa mwenyewe ada ya daktari wa kibinafsi aliyesajiliwa, kisha dawa na vipimo vya maabara huvipata Caja bila malipo. Kampuni nazo huweza kuajiri daktari wa wafanyakazi wao, na Caja ikatoa dawa.

Ugonjwa mkubwa huwarudisha wengi kwenye kasha. Mtu anaweza kutibiwa kikohozi na kung'olewa jino kwa pesa zake. Ikiwa ni saratani, moyo, au mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi, gharama humshinda, na kitanda chake kinakuwa cha Caja.

Foleni

Hapa ndipo penye kidonda. Mwenye kifua kibichi au mguu uliovunjika atapokewa siku hiyohiyo. Mwenye nyonga iliyosagika, mtoto wa jicho, ngiri, au anayehitaji picha ya tumbo na daktari bingwa wa kuisoma, hupewa tarehe. Tarehe hiyo inaweza kuwa baada ya miezi mingi, na wengine hungoja mwaka na zaidi. Watu walioko kwenye orodha za kungojea ni maelfu kwa maelfu. Sababu zinajulikana: wazee wameongezeka, madaktari bingwa hawatoshi, hasa wa nusu kaputi, vyumba vya upasuaji husimama kazi alasiri, na upande wa kibinafsi huwavuta madaktari kwa malipo mazuri zaidi.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Anayeweza kukopa hukopa, akalipia kipimo nje, akakileta kwa daktari wa Caja ili kumpunguzia miezi. Wapo pia waliogeuza foleni kuwa biashara. Wakosta Rika wana neno lao, “biombo”, yaani pazia la kukunja la hospitalini. Kwao lina maana ya daktari wa umma kupokea pesa kwa siri ili mgonjwa apitishwe mbele, akitumia chumba na vifaa vilevile vya umma. Ni kosa la jinai na baadhi yao wameshtakiwa, lakini ni foleni ndiyo inayolilea.

Mnyonge ana mlango mmoja ambao sisi hatuna kwa wepesi huo. Mwaka 1989 iliundwa chemba ya katiba katika Mahakama ya Juu. Mtu yeyote anaweza kuiandikia bila wakili na bila ada, hata kwa mkono, akilalamika kwamba haki yake imevunjwa. Mwaka 1997 chemba hiyo iliamuru Caja iwape wagonjwa wa UKIMWI dawa za kurefusha maisha, wakati ambapo nchi nyingi zilisema ni ghali mno. Siku hizi wengi huiendea kwa sababu ya foleni, na mahakama huipa hospitali muda wa kufanya upasuaji. Wakosoaji wana hoja: anayejua kuandika malalamiko hupita, na aliyekuwa mbele yake kwa kimya hurudishwa nyuma.

Mikono ndani ya kasha

Kasha lenye fedha huvutia mikono. Mwaka 2004 ilifichuliwa kashfa ya ununuzi wa vifaa vya hospitali za Caja kwa mkopo kutoka Finland. Miongoni mwa waliotiwa hatiani mwaka 2009 alikuwa rais wa zamani Rafael Ángel Calderón Fournier, mtoto wa yuleyule aliyelianzisha kasha. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5, na baada ya rufaa adhabu ikapunguzwa mwaka 2011. Baba alijenga, na mwana akahukumiwa kwa kuchota. Lakini alishtakiwa, na kesi ilisikizwa hadharani mpaka mwisho.

Serikali yenyewe si mlipaji mwema. Caja huidai hazina kuu kiasi kikubwa, hasa kwa ajili ya maskini waliokatiwa bima na dola, na mabishano kuhusu deni hilo hayajaisha. Juu ya hayo, tarehe 31 Mei 2022 wahalifu wa mtandaoni waliingia katika kompyuta za Caja. Mifumo ilizimwa, faili za kidijitali zikawa hazifunguki, na madaktari wakarudi kwenye karatasi kwa wiki kadhaa. Miadi mingi ilifutwa, na foleni ikazidi kurefuka.

Tunachoweza kuchukua

Siamini kwamba nchi moja inaweza kunakili nyingine kama mtoto anayechungulia daftari la mwenzake. Sisi ni watu zaidi ya milioni 50, na wengi wetu hatuna hati ya mshahara. Afya yetu imegatuliwa kwa kaunti, na yao husimamiwa na chombo kimoja. Hata hivyo, kuna maswali matatu ambayo Kosta Rika inatuwezesha kuyauliza vizuri zaidi.

La kwanza ni la mwajiri. Kule hutia zaidi ya mfanyakazi. Kwetu asilimia 2.75 hutoka kwa mfanyakazi peke yake. Ubaya na uzuri wa kumbana mwajiri unaweza kujadiliwa, lakini mjadala wenyewe karibu haujafanyika.

La pili ni la mhudumu wa jamii. Tangu mwaka 2023 tuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wenye mikoba na simu, na hilo ni jambo jema. Wao hupewa posho. ATAP wa Kosta Rika ni mwajiriwa kamili, mwenye mshahara na pensheni, na nyuma yake yuko daktari anayezijua nyumba zile. Mhudumu anayebisha hodi bila daktari wa kumpelekea mgonjwa amebeba habari tu.

La tatu ndilo zito. Kasha la umma husimama kwa kuwa waliomo humo ni wote, mkubwa na mdogo. Mbunge, mwalimu na mchuuzi wakilala wodi moja, dawa zikikosekana kelele zitakuwa kubwa. Foleni ikirefuka kupita kiasi, wenye sauti huondoka mmoja mmoja kwenda kununua muda mahali pengine. Huendelea kukatwa, lakini huacha kujali. Wakishaacha kujali, kasha huwa la maskini, na huduma ya maskini peke yao hukosa mtetezi. Hiyo ndiyo hatari inayoikabili Kosta Rika baada ya zaidi ya miaka 80. Wao kasha lilijaa kwanza, ndipo foleni ikaanza kulitoboa. Sisi tunaanza kulijaza huku wenye uwezo wengi wakiwa wameshazoea kutibiwa kwingine.

Kwa hiyo tunapobishana kuhusu SHA, tusiishie kwenye asilimia. Tuulize pia siku ngapi: mgonjwa wa Lamu, Kilifi au Kwale, aliyelipa kila kilichotakiwa, anangoja siku ngapi mpaka apimwe, na siku ngapi mpaka apasuliwe. Takwimu hizo zikibandikwa ukutani katika kila hospitali ya kaunti, kila mwezi, tutajua kasha letu linajaa au linavuja.